Fundi Bubu Hakuwepo Mezani

Maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti ya mke wangu yalihusu televisheni. Walikuwa wanamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, magurudumu ya kitanda yanalia, na mimi nakimbia pembeni yake nimeshika chuma cha kitanda ili nisipotee. Akasema, "Kile kipindi maalumu cha sikukuu usikitazame bila mimi. Ningojee." Nikaitikia ndiyo. Wengine huambiana nakupenda. Mimi niliwekewa marufuku.

Niseme mapema kwamba mimi sioni. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda, ngazi. Mtungi wa gesi ukalipuka karakana, nikabaki na mikono yangu yote miwili na macho hakuna. Tangu hapo mke wangu ndiye aliyeniangalizia dunia, na sauti ya kazi hiyo alikuwa nayo. Yeye ni mtangazaji wa stendi ya mabasi, yule unayemsikia kwenye spika akieleza basi gani linaondoka na nani kasahau mzigo wake. Makondakta wanamwita Mama Spika. Akitoka kazini alikuja nyumbani akaendelea kutangaza, safari hii kwa msikilizaji mmoja mkorofi.

Tulichokuwa tunatazama ni Jua la Pili. Ni tamthilia ya watu waliomo ndani ya chombo cha anga, wanatafuta sayari ya kuhamia baada ya kuiharibu ya kwao. Imetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo mazungumzo nayafuata mwenyewe. Kuna nahodha, mwanamke mkali asiyependa kuombwa radhi. Kuna daktari mwoga. Kuna roboti mwenye mdomo kuliko watu wote. Yale yasiyo na maneno ndiyo mke wangu alikuwa ananisimulia: nani kamtazama nani kwa jicho baya, nyota zina rangi gani, mlango upi umejifunga.

Na kulikuwa na Fundi Bubu. Huyo ndiye aliyeniteka. Ni fundi wa chombo, mfupi, mnene, ndevu za mvi, vidole vimejaa makovu ya moto, na hasemi neno hata moja. Kazi yake ni kutoka nje amefungwa kamba kiunoni, aende akachomelee nyufa wakati wenzake wanabishana ndani. Kwa kuwa hasemi, huongea na walio ndani kwa kugonga bati. Wao wakigonga mara moja, wanamuuliza kama yupo. Yeye akijibu mara tatu, maana yake bado nipo, shikilieni kamba. Akijibu mara mbili, maana yake kateni kamba, nendeni zenu.

Milio ile nilikuwa naisikia kabisa kutoka upande wa televisheni, chuma kwa chuma. Ngo, ngo, ngo. Mwili ulinisisimka kila mara. Nilivimba kichwa, nikamwambia mke wangu, hatimaye watu wa televisheni wametambua kwamba wasomi wanaongea tu, wanaoshikilia chombo ni mafundi. Yeye akacheka.

Siku moja Fundi Bubu aligonga mara mbili. Chombo kilikuwa kimenaswa kwenye wingu la mawe, na uzito wake kwenye kamba ndio uliokuwa unakirudisha nyuma. Ngo, ngo. Nahodha akaangua kilio, nilimsikia kwa masikio yangu, na mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kamba imekatwa. Nilisusa kula. Mzee mzima nilisusa sahani, nikasema takataka hiyo isiwashwe tena nyumbani kwangu. Juma lililofuata akanibembeleza tujaribu mara ya mwisho, na Fundi Bubu akapatikana, ameng'ang'ania mkia wa chombo, hewa imebaki kiduchu. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakadhani tumeingiliwa na wezi.

Kwa kinyozi nilijaribu kuwasimulia, wakaniambia, "Mzee, hapa ni mpira tu, hayo ya nyota mwachie mama." Basi mashabiki wa Jua la Pili mtaani kwetu tulikuwa wawili tu. Sasa mmoja alikuwa wodini na bomba shingoni.

Uvimbe ulikuwa kooni. Daktari alinieleza wameutoa wote, ila sehemu inayotoa sauti imeondoka nao. Atapumulia tundu la shingoni. Huko mbele huenda akapata kifaa cha kumsaidia kusema, lakini kwanza apone. Nikamuuliza, "Atapona?" Akasema, "Sisi tumemaliza yetu, baba. Sasa tunamhitaji yeye." Nilidhani ni maneno yao ya kawaida, mpaka nesi aliponivuta pembeni. Mke wangu alikuwa amegeukia ukutani. Mpira wa kumlisha wa puani alikwisha kuuchomoa, wakaurudisha, akauchomoa tena. Hafanyi mazoezi ya kupumua. Homa inampanda na yeye kaiachia ipande.

Nilikuwa nakaa kando ya kitanda kile nikihisi naingia wazimu. Mimi sioni, yeye hasemi. Akiandika, siwezi kusoma. Akitikisa kichwa, sijui. Nikimshika mkono anautoa taratibu, bila hasira, na huo upole ndio ulioniua. Nilikuwa naongea peke yangu, nasimulia bei ya vitunguu, nasimulia mvua, na jibu ni pumzi inayopita kwenye bomba.

Kisha nesi akasema, "Ameandika kitu, baba. Nikusomee?"

"Soma."

Akasoma. "Anasema utafutiwe mtu mwingine wa kukusimulia."

Nilitoka nikipapasa ukuta mpaka nikafika kwenye korido, nikalia mbele ya watu nisiowaona. Nilielewa sasa. Miaka yote hiyo mwanamke yule alijiona ni sauti tu. Sauti imekwenda, naye anaona hana alichobakiza cha kurudi nacho nyumbani. Na mimi mjinga nilikuwa sijawahi kumwambia vinginevyo, maana kila nilipomsifu nilisifu hiyohiyo sauti.

Ndiyo maana nikavunja ahadi. Mtu akizama hachagui cha kushika. Nilijiambia kipindi maalumu kinaonyeshwa sikukuu mchana, saa za kuwaona wagonjwa ni jioni. Nikitazame, nikibebe chote kichwani, nimpelekee. Tangazo lilisema mabaharia wote wa chombo watakaa meza moja. Wote. Nilikuwa na hakika kwamba nikimwambia Fundi Bubu yuko salama, atageuka.

Wa kunisimulia alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kukaa nami kipindi hicho. Ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi. Mtu mwema sana, na hana maneno. Akila unamsikia, akiongea humsikii.

"Haya, shemeji," nikamwambia. "Unaona nini?"

"Meza."

"Meza gani?"

"Ndefu. Ya bati. Viti sita, kimoja hakina mgongo."

Nikajua nimepatikana.

Nitasema ukweli kuhusu kipindi chenyewe, maana mimi ni shabiki na shabiki halazimiki kusifu. Nusu yake ilikuwa upuuzi. Walikuwa wametundika taa za rangi kwenye injini, injini ambayo sehemu iliyotangulia ilikuwa karibu kulipuka. Roboti alivishwa kofia, akaimba, na aliyemtia sauti hajawahi kuimba hata bafuni. Wala-Vumbi, maadui walioteketeza sayari nzima, wakabisha hodi wakiomba chumvi. Wakakaribishwa! Wakacheza ngoma! Nilimuuliza shemeji wanachezaje, akasema, "Wanaruka. Wako wanane." Damu ikanichemka. Miaka yote tumeambiwa hawa hawana huruma, leo wanaazima chumvi.

Lakini nusu ya pili ilinigusa, siwezi kukana. Daktari mwoga alimpa mtoto wa adui maji yake ya kunywa, na hakutoa hotuba, alisema tu, "Shika, mimi sina kiu." Na nahodha, yule mkali, akaimba wimbo aliobembelezewa na mama yake, bila ala, sauti inamkwaruza. Hapo nilishika mkono wa kiti. Nikatamani kusikia pembeni yangu mtu akivuta kamasi kisirisiri na kusingizia vumbi, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hii.

"Shemeji, Fundi Bubu amekaa wapi?"

"Nani?"

"Fundi. Mfupi, mnene, ndevu za mvi."

Nikamsikia akisogea karibu na televisheni. "Hayupo."

"Angalia vizuri."

"Shemeji, kazi yangu ni kuhesabu. Yupo yule mama nahodha. Yupo wa koti jeupe. Mapacha wawili wa usukani. Roboti. Na msichana wa kupika. Viti sita, watu sita. Mwenye ndevu hakuna."

"Labda yuko nje, anachomelea."

"Nje wameonyesha. Nyota tu."

Nikangoja. Niliwaza watamleta mwishoni, watu hawa hupenda kushtukiza. Mlango utagongwa, nahodha atanyamazisha wote. Nikatega sikio nisikie ile ngo, ngo, ngo. Roboti akaimba tena, taa zikazimwa, muziki wa mwisho ukapiga. Hakuna aliyegonga. Hakuna hata aliyesema maskini fundi wetu yuko wapi.

Nikamwambia shemeji atafute kwenye simu yake, waigizaji wote wa Jua la Pili tangu mwanzo. Akatafuta muda mrefu. Nilijua jibu kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyoacha kutafuna.

"Shemeji, hakuna fundi. Hajawahi kuwapo."

Sijui nielezeje. Kwanza niliona aibu, aibu ya mtu aliyetembea mjini na suruali iliyochanika nyuma na hakuna aliyemwambia. Kisha hasira. Nilikumbuka nilivyosusa chakula kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Nilikumbuka nahodha alivyolia. Kumbe alikuwa analilia mambo yake mengine, na mke wangu akayashonea hapo kipande chake. Nikajiona nimefanywa mtoto. Nilisema maneno mabaya juu ya mke wangu, kwa sauti, mbele ya ndugu yake, yeye akiwa kitandani na tundu shingoni. Shemeji alizima televisheni.

Halafu nikauliza, "Na ile milio? Milio nimeisikia. Sina wazimu."

Niliinuka nikaiendea televisheni. Imekaa juu ya meza ya chuma niliyoichomelea mwenyewe nikiwa na macho, meza nzito, miguu ya bomba. Kiti cha mke wangu kilikuwa palepale kando yake, kwa sababu alisema akikaa mbali haoni vizuri. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikashusha mkono wa kulia pale mkono wake ungefika, nikapapasa mguu wa meza. Sehemu moja rangi ilikuwa imebanduka. Vidole vyangu vinajua chuma: kulikuwa na vishimo vidogovidogo, vingi, vimesongamana mahali pamoja. Nikaingiza mkono kwenye pembe ya mto wa kiti. Kijiko.

Nikagonga. Ngo.

Ni mlio wenyewe. Mimi, fundi wa vyuma maisha yangu yote, sikuutambua mlio wa meza yangu.

Nilikaa pale nimeshika kijiko. Hasira ilikuwa bado inatoka, lakini ilikuwa inatoka polepole na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine. Mfupi, mnene, ndevu za mvi, makovu ya vidole: ni mimi. Nilipopoteza macho nilimwambia mke wangu kwamba mtu kama mimi hana kazi tena duniani. Yeye hakubishana nami. Alinipandisha kwenye chombo cha anga na kunipa kazi ambayo bila mimi wote wangekufa. Na juma lile nilipokataa kula, alinirudisha nikiwa nimeng'ang'ania mkia.

Kisha likanijia jambo ambalo lilinisimamisha. Milio ile haikuwa na mdomo. Haikuhitaji macho wala sauti. Katika dunia nzima tulikuwa watu wawili tu tunaoijua.

"Shemeji, viatu vyangu viko wapi?"

"Saa za kuona wagonjwa bado."

"Viatu, shemeji!"

Tulifika mlinzi akiwa ndiyo kwanza anafungua. Nesi akanipokea mlangoni, na sauti yake haikuwa nzuri. "Leo amekataa hata kusafishwa bomba, baba. Daktari anataka kuongea na wewe baadaye." Nikasema baadaye ni baadaye. Shemeji akaniketisha. Nikainyoosha mikono nikapata chuma cha kitanda, baridi, kimepakwa rangi vibaya. Nilimsikia anavyopumua, kwa kuvutavuta, uso kauelekeza ukutani.

"Nimekitazama," nikamwambia. "Nimevunja ahadi, unisamehe. Na kilikuwa kibovu. Mdogo wako alinisimulia kama anapokea mifuko ya saruji."

Pumzi tu.

"Wala-Vumbi wameomba chumvi. Roboti kaimba. Ungezimia. Ila nahodha naye aliimba, wimbo wa mama yake, na hapo nilikutafuta pembeni sikukuona. Walikaa mezani wote. Fundi Bubu hakuwepo."

Pumzi ikasimama. Nilisikia kabisa ilivyosimama, na kitanda kizima kikakakamaa. Nikajua anajua kwamba najua.

"Mdogo wako akasema hayupo kabisa. Nikamwambia huyu hajui kutazama. Yuko nje. Wenzake wanakula, wanacheka, wamemsahau, na yeye yuko gizani anachomelea kama kawaida yake. Hana sauti, lakini lini alikuwa nayo? Hatukumpenda kwa sauti. Mimi nilimpenda na hajawahi kuniambia neno." Nikafuta pua kwa mkono wa shati. "Kamba haijakatwa. Nimeishika mimi. Ila siwezi kumwona, sijui kama bado yupo au ameshachoka. Lazima nimuulize."

Nikatoa kijiko mfukoni. Nikagonga chuma cha kitanda mara moja.

Nikangoja. Hakuna. Nikasema moyoni basi, umechelewa, mzee, umekuja na mchezo wa kitoto kwa mtu anayekufa. Nikahisi kitanda kinatikisika kidogokidogo. Analia au anacheka, sikuweza kujua, na nani wa kuniambia? Nikanyoosha mkono nikaweka kijiko juu ya shuka karibu na pale nilipodhani mkono wake upo. Hakikuguswa. Kikakaa hapo.

Kisha kikaondoka.

Ngo.

Nikasogeza sikio.

Ngo.

Nikangoja la tatu. Halikuja. Nikashika chuma kwa mikono yote miwili. Mara mbili. Kateni kamba, nendeni zenu. Nikafungua kinywa nimwambie siikati, aniite mkaidi, aniite vyovyote, siikati. Pumzi yake ilikuwa inakoroma kwenye bomba, mtu aliyechoka anayenyanyua kitu kizito. Kitanda kikalia. Alikuwa anageuka. Nilihisi uzito wake ukitoka upande wa ukuta na kuja upande wangu, polepole mno, na joto la homa yake likanifikia usoni.

Ngo.

Nililaza paji la uso juu ya kile chuma nikaliacha hapo. Nyuma yangu shemeji, mtu wa kuhesabu, alikuwa haelewi kitu. "Tatu," akasema. "Amegonga tatu. Maana yake nini, shemeji?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Dada yako anaongea."